Bi Karatasi wa Mnadani Katesh

Nilikuwa Dongobesh, kwenye zizi la mnada, naandika alama za masikio ya ng'ombe waliokuwa wakipita mmoja mmoja, lori la Nikolausi lilipoingia kwa upande ambao malori hayaingii. Nikolausi alikuwa dereva wa Katesh, mtu wa mzaha, ambaye kila tukikutana aliniuliza kama nimeshaoa mke wa pili wa kunipikia huku kwenye baridi. Siku ile alishuka, akavua kofia, akasimama nje ya uzio.

"Karani, panda gari," akasema mwishowe.

"Kuna nini?"

"Panda kwanza."

Nikamwambia kazi niliyoshika ni ya serikali, siwezi kuiacha bila kuelezwa. Akatazama chini, akaigeuzageuza kofia yake. "Mama Mariamu," akasema. "Alfajiri. Wanakungoja wewe tu."

Nilisema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Halafu nikamaliza kuandika alama ya ng'ombe aliyekuwa mbele yangu, mkato wa chini, sikio la kulia. Naikumbuka mpaka leo. Nikampa mwenzangu daftari, nikapanda.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba, mwaka 1959. Njiani Nikolausi alinieleza kwamba ni homa ya mapafu, kwamba ilimshika Jumatatu, na kwamba Jumanne bado aliwasha moto wa chai ingawa walimkataza. Binti yetu Mariamu alikuwa ameniandikia barua siku hiyo hiyo ya Jumanne. Barua ile ilinifikia wiki iliyofuata, baada ya mazishi.

Tulishuka ukuta wa bonde la ufa pale Dareda polepole, lori likilia kwa breki, na mlima Hanang ukatokea mbele yetu na wingu lake begani. Kila nilipokuwa nikirudi nyumbani kutoka Mbulu, nikiuona mlima ule nilikuwa nikisema moyoni: sasa mke wangu Shumbana ameshaweka maji motoni. Siku ile nilisema hivyo hivyo kabla sijakumbuka.

Wengi wanaoijua chai ya mke wangu hawajui ilivyoanza, na wanaodhani mimi niliyesoma ndiye niliyemfundisha kusema mbele ya wazee wanakosea. Nitaeleza ilivyokuwa.

Shumbana binti Seifu alizaliwa Katesh. Baba yake alitoka Kondoa na punda wawili, akauza nguo na shanga, akajenga. Alipofariki, duka likabaki kwa kaka mkubwa, Bashiri, na mama yao, Bi Hajira, akabaki kwa Shumbana. Mimi nilifika Katesh mwaka 1945 kuwa karani wa mnada wa ng'ombe, baada ya kumaliza darasa la kumi Tabora. Mwaka uliofuata nilimwoa, na mwaka wa pili Mwenyezi Mungu akatujalia Mariamu.

Karani wa serikali hakai mahali. Leo Katesh, kesho barua inakuja, keshokutwa Singida. Shumbana alilijua hilo tangu siku ya posa, lakini wakati huo mama yake alikuwa bado anaona. Kufikia mwaka 1950 macho ya Bi Hajira yalikuwa yamefunga kabisa. Hata hivyo alikwenda peke yake kisimani, msikitini kwenye mlango wa wanawake, na dukani kwa mwanawe, bila fimbo wala mtu. Siku moja nilimgusia kwamba huenda tukahamishwa. Akanijibu kwa upole, "Baba Mariamu, mimi naona kwa miguu. Katesh naijua kwa miguu yangu. Mkinipeleka mji mwingine, hapo ndipo nitakuwa kipofu."

Shumbana alikuwa anachambua mchele. Jumapili iliyofuata aliniambia shauri lake. Kama angekuwa na kazi yake mwenyewe pale Katesh, ya kumlisha yeye na mama na mtoto, basi barua ya uhamisho ikija ningekwenda mimi, wao wangebaki. Na kazi aliyoifikiria ni kuuza chai ndani ya uwanja wa mnada.

Nilicheka. Nilimwambia wafugaji wa huku, Wabarabaig, wana maziwa mengi, nani atatoa senti kununua maji yenye majani?

"Mnadani wanaleta madume na maksai," akasema. "Wewe umesoma Tabora. Niambie, dume hukamuliwa wapi?"

Ni kweli, watu wale walitembea siku moja, wengine mbili, kutoka Hirbadaw na mbali zaidi, wakiswaga ng'ombe wasio na maziwa. Waliuza mchana, wakarudi na njaa ile ile waliyokuja nayo.

Shida ilikuwa ruhusa. Bwana Mifugo alisema wazee wa baraza wakikubali, yeye hana neno. Lakini mwaka uliotangulia mtu mmoja alijenga kibanda cha pombe pale ndani ya uzio, na vijana wakaacha humo bei ya madume ya baba zao. Wazee walikichoma kile kibanda, wakasema hakuna kingine kitakachojengwa. Mkubwa wao alikuwa mzee Gidabuday, mrefu, mwembamba, mwenye nguo nyeusi na fimbo aliyoishika kwa vidole viwili tu, kana kwamba haina uzito.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Nilimwambia Shumbana kwamba kusema mbele ya baraza ni kazi ya kujifunza, na kwamba mimi nimejifunza. Nilimwandikia ukurasa mzima. Kwanza, faida kwa baraza kwa njia ya ushuru. Pili, faida kwa afya ya wananchi. Tatu, maendeleo ya Katesh, ili isibaki nyuma ya Babati. Alikariri siku sita, akitwanga, akifua, akimwogesha mtoto. Bi Hajira, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye mkeka wake, aliuliza, "Hayo maneno ni ya nani? Sauti ni ya binti yangu, lakini maneno siyajui." Nilijibu kwamba hivyo ndivyo watu wazima wanavyosema na serikali.

Siku ya baraza wazee walikaa chini kando ya uzio, na Shumbana akasimama mbele yao, mikono nyuma kama mwanafunzi. Aliwaamkia shikamoo, na palepale akaanza na ile "kwanza" ya ukurasa wangu. Hakukosea neno hata moja. Mimi nilisimama pembeni nikijivuna. Alipofika kwenye Babati, mzee Gidabuday aliinua kidole.

"Huyo Babati ana ng'ombe wangapi?"

Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gidabuday hakucheka. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mke wa karani, maneno yako yamenyooka kama karatasi. Lakini karatasi haiulizi mvua imenyesha wapi. Tumesikia."

Nilifurahi, nikidhani kusikia ni kukubali. Shumbana, aliyezaliwa nao, ndiye aliyenieleza njiani kwamba kwao "tumesikia" ni hapana ya mtu mwenye adabu.

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari. Kuanzia hapo wengi waliacha kumwita Mama Mariamu, wakamwita Bi Karatasi, na hata kaka yake Bashiri dukani alimwuliza kama anataka sukari ya kufungwa au ya kuandikwa. Alirudi nyumbani, akauchukua ukurasa wangu, akaukunja, akautia motoni chini ya sufuria. "Angalau uchemshe maji," akasema.

Kosa la pili lilikuwa lake, ingawa nami nililishuhudia bila kulizuia. Alisema watu hawawezi kuonja maneno, basi waonjeshwe chai yenyewe. Mnada uliofuata alinunua maziwa kwa mke mkubwa wa mzee Gidahosh wa Hirbadaw, aliyekuja na kibuyu chake. Gidahosh alikuwa wa pili kwa Gidabuday katika baraza lile, na Shumbana alihesabu kwamba mzee akiona maziwa ya kwake ndiyo yaliyomo, atakuwa upande wetu. Akapanga mafiga nje ya uzio. Akapika kama mama yake alivyomfundisha, kama wanavyopika wenyeji wote wa mjini: maziwa, majani na sukari pamoja, yapande mara tatu.

Yalipopanda mara ya pili, Gidahosh alifika. Alikitazama kibuyu, akaitazama sufuria, akamwuliza mkewe kitu kwa Kibarabaig. Mkewe akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Mzee akanyoosha fimbo, akaisukuma sufuria kutoka kwenye mafiga. Chai yote ikaingia kwenye majivu.

"Unapika titi la ng'ombe wangu," alimwambia Shumbana, na akaenda zake.

Wazee wengi wa upande ule waliamini hivyo siku zile, kwamba maziwa yakichemka motoni, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa hupasuka. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao miaka mitano na sikulijua, kwa sababu kazi yangu ilikuwa masikio ya ng'ombe. Shumbana naye alizaliwa palepale, lakini mjini maziwa yalichemshwa ndani, na hakuna mfugaji aliyekuja kuchungulia jikoni mwa mtu. Tulikuwa tumepika matiti ya ng'ombe wao miaka yote na hatujui.

Siku kumi baadaye barua yangu ilikuja. Nihamie Mbulu, kuanzia mwezi wa kwanza. Ilibaki minada miwili.

Siku hiyo hakuna aliyekula vizuri. Bi Hajira aliuliza barua inasemaje, nikamsomea. Akamwambia binti yake aache habari ya chai, kwanza akamtake radhi mwenye ng'ombe. "Hata kama tutahama," alisema. "Usiondoke mahali na neno la mtu shingoni."

Tulikwenda Hirbadaw Jumapili, kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Gidahosh, kwa heshima, kwamba sayansi haikubaliani na jambo la chuchu kupasuka. Kabla hatujafika, Shumbana alisimama njiani.

"Baba Mariamu, nakuomba leo usiseme."

"Kabisa?"

"Salimia tu. Halafu uwe bubu kwa ajili ya Mungu."

Nikawa bubu. Gidahosh hakutoka nje kutuona. Mke wake mkubwa alitutandikia ngozi, na Shumbana akamwambia amekuja kwa sababu amekosa, na alikosa kwa kutojua. Aliuliza habari za ng'ombe mwekundu. Chuchu zake zilikuwa nzima, namshukuru Mungu kwa hilo. Aliuliza jina la mama yake ng'ombe, na ndama wake wamefikia wangapi. Hakuitaja chai hata mara moja. Tulikaa mpaka jua likainama, tukarudi.

Alirudi tena mara mbili wiki zilizofuata, bila mimi, akiongozana na jirani yetu Imakulata, Mwiraqw aliyekulia Nangwa, Mkristo na mcheshi, aliyekijua Kibarabaig kuliko sisi wote. Safari ya tatu ndiyo iliyombadilisha. Alifika nyumbani vumbi mpaka magotini, akakaa mlangoni bila hata kuvua viatu, akanieleza alichokiona.

Mtu mmoja alifika kwa Gidahosh kutaka kuazima ng'ombe wa maziwa. Kila mtu pale alijua amekuja kwa hilo. Lakini hakuomba. Alikaa, akauliza malisho. Akasimulia alikotoka, na visima vilivyokauka. Akamsifu baba wa Gidahosh, na ng'ombe fulani wa baba huyo ambaye bado watu wanamkumbuka. Mwisho kabisa akataja, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba mtoto wake mdogo siku hizi analia asubuhi. Akanyamaza. Wote wakanyamaza. Na Gidahosh mwenyewe ndiye aliyesema, "Yule mwenye pembe moja yuko bure tu hapa."

"Umeona?" Shumbana aliniuliza. "Hakumwambia mimi nataka. Alieleza mpaka mwenye ng'ombe akaona ng'ombe wake ana kazi kule."

"Sasa utawaambiaje wazee?"

"Sitawaambia. Nitakaa nao."

Imakulata, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisema kwamba ameijua desturi hiyo tangu utotoni na kama tungemwuliza mapema tungeokoa sufuria moja ya chai.

Mnada wa mwisho ulikuja. Asubuhi ile Shumbana aliswali akakaa sana juu ya mkeka, na mama yake akamshika kichwa akamwombea dua. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo niliona mambo kwa vipande, kati ya ng'ombe na ng'ombe. Nilimwona akienda walikokaa wazee waliokwisha kuuza, jua likiwa kali, wengine wamefunika vichwa kwa nguo. Hakusimama safari hii. Alikaa chini, mbali kidogo, akiwa chini kuliko wao. Aliwaamkia mmoja mmoja. Akauliza mvua, akauliza ndama, akauliza habari za mzee mmoja wa kwao aliyekuwa mgonjwa. Niliandika ng'ombe saba na bado alikuwa anauliza.

Niliposogea, alikuwa anasimulia. Alisimulia habari ya mzee aliyetoka na madume wawili, akalala njiani, akafika mnadani jua la utosi, akauza vizuri. Akaondoka na bei nzuri na tumbo tupu, na kabla hajafika mbali magoti yakamkataa, akakaa kando ya njia mpaka watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakampa maji kwa mikono yao. Hakulitaja jina la mzee yule. Halikuhitajika, kwa kuwa Gidahosh alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mkewe ndiye aliyempa Shumbana habari ile.

Halafu aliwasha moto palepale, mbele yao. Akatia maji na majani na sukari, yakachemka. Akaiepua sufuria, akaiweka chini, mbali na mafiga, akangoja mpaka ikaacha kutokota. Kisha akamgeukia mke mkubwa wa Gidahosh, aliyekuwa amekaa na kibuyu chake mapajani.

"Mama," akamwambia, "maziwa ni yako. Mimi sitayagusa. Yatie mwenyewe, waone kwamba hayakuona moto."

Yule mama alisimama. Alitia maziwa katika kila kikombe cha bati kwa mkono wake, akianza na mumewe. Gidahosh alikishika kikombe kwa muda mrefu. Nilikuwa na ng'ombe kizimbani na mnunuzi ananiita, nami sikuitika. Mzee akanywa. Akanywa tena. Akakinyoosha kikombe kwa mkewe bila kumtazama, na mkewe akacheka kwa pua, akamjazia.

Shumbana hakuomba chochote. Alikusanya vikombe, akaanza kuvisuuza, kana kwamba ameshamaliza alichojia. Wazee walinyamaza. Nilitaka kumkonyeza aseme, atamke, kwa sababu tulikuwa na siku kumi na tisa tu kabla ya kuhama. Hakuniangalia.

Ndipo Gidabuday akainua macho juu, kwenye mawingu ya Hanang.

"Na mvua ikinyesha," akauliza, "moto huu utauwasha wapi?"

Alijengewa kibanda upande wa kaskazini wa uwanja, ndani ya uzio, kwa miti iliyokatwa na vijana wa Gidabuday. Masharti yalikuwa mawili, na yote aliyaweka yeye mwenyewe wazee walipomwuliza: pombe isiingie, na maziwa yanunuliwe kwa wake zao na kutiwa na mkono wa mwenye maziwa au wa mtu anayemwamini. Wenyeji walikiita kibanda kile "Kwa Bi Karatasi". Alilipenda jina hilo kuliko yote aliyopewa.

Nilihamia Mbulu peke yangu. Bi Hajira aliendelea kwenda kisimani kwa miguu yake mpaka mwaka 1955, Mwenyezi Mungu alipomchukua usingizini.

Zilikuwa siku nzuri zile, ingawa wakati ule nilizilalamikia. Kila mwisho wa mwezi nilishuka kwa lori la Nikolausi, na nikifika nilimkuta mnadani, kanga imefungwa kiunoni, amezungukwa na fimbo na nguo nyeusi, Imakulata akitaniana na wazee kwa lugha yao. Watu walianza kumjia kwa mashauri. Mtu anataka kumshawishi mwenye shamba la ngano, mwingine baba mkwe, mwingine bwana wa mashine ya kusaga. Aliwauliza kitu kimoja tu: "Huyo unayemwendea, ni kitu gani kinachomnyima usingizi?" Kama mtu hajui, alimrudisha akajue kwanza. Wako waliokasirika. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja mwenye haraka kwamba yeye alishaijaribu haraka, ikaishia majivuni.

Mama yake alipofariki nilidhani sasa atakuja Mbulu, maana sababu ya kubaki imekwisha. Nilishuka nikiwa nimejipanga kumwambia hivyo. Alinipokea, akanitilia chai, akaniuliza habari za nyumba ya Mbulu. Nikamweleza kwamba ni ndogo, inavuja. Akauliza baridi. Nikamweleza ukungu unaokaa mpaka saa nne, na kifua changu. Akauliza majirani, nikasema wengi ni makarani wageni, leo wapo kesho wamehamishwa. Akaniuliza na mimi wataniacha pale miaka mingapi. Nikasema nani ajuaye. Akanyamaza, akatazama nje walikokuwa wakicheza Mariamu na watoto wa Imakulata. Na mimi, kwa kinywa changu, nikasema ni afadhali yeye na mtoto wabaki Katesh, nitakuja mara kwa mara.

Nilikuwa nimeshapita Dareda, lori linapanda ukuta, ndipo nilipotambua nilichofanyiwa. Nilicheka peke yangu mpaka Nikolausi akaniuliza kama ni mzima.

Nimeufikiria mwezi ule wa mnada wa mwisho mara nyingi tangu Alhamisi ile. Kama angeshindwa kusema na wazee, tungehama naye, na homa ilipomshika ningekuwa kitandani pake. Au ingemshika mapema zaidi, katika ule ukungu. Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Alitaka kubaki na mama yake Katesh, akabaki, na mimi ndiye niliyesema abaki. Sina wa kumlaumu, na simlaumu.

Tulifika Katesh saa kumi jioni. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika sanda. Imakulata alikuwa ameteka maji yote ya kumwoshea, kutoka kisima kile kile cha Bi Hajira, na sasa alikuwa amekaa nje na Mariamu amemlalia mapajani. Waliniruhusu nimwone uso. Nilimsomea Yasini kwa kadiri nilivyoweza.

Tulimswalia mbele ya msikiti. Wabarabaig walikuwa wamekuja wengi kuliko siku ya mnada mdogo, wakasimama nyuma, ng'ambo ya barabara, wameegemea fimbo. Tulipoinua jeneza walitufuata kwa mbali. Njiani mzee Gidabuday alinisogelea. Alikuwa amezeeka, anashikwa mkono na mjukuu. Alinisalimu. Akaniuliza mvua ya Mbulu, nikamjibu. Akauliza malisho ya Dongobesh, nikamjibu. Akauliza ng'ombe waliopita mnadani asubuhi ile wana afya gani, nikamwambia ni wazuri. Akauliza binti yangu amefikia darasa la ngapi. Tulitembea hivyo mpaka makaburini, yeye akiuliza na mimi nikijibu, na hapo kwenye miti ya mwisho alinyamaza, akabaki na wenzake.

Nilishuka kaburini mimi, na Bashiri kaka yake, na jirani mmoja. Tulimpokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Nilifungua kamba za sanda. Tukapanga mbao, tukatoka. Kila mtu alitupa udongo mara tatu kwa mkono, halafu majembe yakafanya kazi. Mwalimu wa madrasa alisoma talkini, ile ya kumkumbusha marehemu imani yake, tukaitikia dua. Tukamwagia maji juu ya kaburi, tukaweka jiwe upande wa kichwa. Liko hatua nne kutoka kaburi la mama yake. Tulikuwa tunakung'uta mikono adhana ya magharibi ilipoanza, tukarudi mjini kwa miguu.